Binti anaingia mazoezi ya kufundisha: pesa ya mpunga iende wapi?

Swali: Mimi ni mkulima wa mpunga hapa Ahero, karibu na Kisumu, Kenya. Binti yangu wa kwanza yuko mwaka wa tatu Chuo Kikuu cha Maseno, anasomea ualimu wa Kiswahili na Historia, na mwezi wa tano anaingia shuleni kwa mazoezi ya kufundisha. Katika ukoo wetu hajawahi kutokea mwalimu, kwa hivyo furaha yangu haina kipimo. Nataka nichinje mbuzi, niwaite watu, aitwe mwalimu mbele ya wazee. Mama yake anasema pesa hiyo tuiweke. Ndugu yangu naye amepata mtu anayeahidi kumwingiza binti kazini akimaliza, ila anataka kitu kidogo mapema. Tena mdogo wake, aliye kidato cha nne, ameanza kusema naye atakuwa mwalimu. Naomba kujua: afanye mazoezi karibu na nyumbani au mbali? Amebakiza nini ndipo awe mwalimu kamili? Na pesa yangu iende wapi?

Jibu: Mzee, hongera, wewe na mama watoto. Mbuzi achinjwe, lakini awe mmoja, kwa sababu mama naye ana hoja. Pesa kubwa itahitajika mara tatu kuanzia sasa: muhula wa mazoezi, makaratasi ya usajili, na miezi ya kungoja kazi baada ya mahafali. Familia nyingi humaliza kila kitu siku ya joho, mahema na sufuria na gari la kukodi, kisha wiki mbili baadaye binti anakosa nauli ya kwenda kupigwa alama za vidole.

Kuhusu jina la mwalimu, nyumbani mwiteni tu. Kisheria bado. Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu ya mwaka 2012 hairuhusu mtu kufundisha shuleni kabla hajasajiliwa na tume hiyo, ambayo wote tunaiita TSC. Mwanafunzi wa mazoezi huingia darasani kwa barua ya chuo chake na chini ya uangalizi wa mwalimu mwenyeji. Wewe unajua kwamba mpunga ukishakatwa bado kuna kupura, kuanika na kukoboa.

Kabla ya jambo lolote, toa matokeo yake ya KCSE, mtihani wa mwisho wa kidato cha nne, sandukuni muyaangalie pamoja. Mwenye shahada ya ualimu wa shule za upili hutakiwa na TSC awe na wastani wa C+ au zaidi, na C+ au zaidi katika kila somo kati ya yale mawili atakayofundisha. Kwake ni Kiswahili na Historia. Wastani wa B wenye C ya Historia ndani yake ni tatizo, na tatizo la aina hii hujificha vizuri mno: chuo kinampokea, anafaulu mitihani yote, anavaa joho, halafu maombi ya usajili yanagonga mwamba. Mkiona gredi haitoshi, aende kwa mkuu wa idara wiki hii hii aulize kama anaweza kubadilisha somo la pili lichukuliwe lile alilopata C+, na kozi ngapi atalazimika kuongeza. Mwaka wa tatu bado mlango uko wazi. Akishahitimu, kurekebisha ni ghali kuliko muhula mmoja wa ziada. Kama gredi zote ziko sawa, karatasi irudi sandukuni na tuendelee.

Sasa mazoezi yenyewe, maana hapa ndipo penye kazi.

Karibu au mbali? Karibu kunaokoa kodi ya nyumba, lakini fanyeni hesabu kwanza. Muhula wa pili huwa na takriban wiki 14. Tuseme boda ni shilingi 100 kwenda na 100 kurudi: siku 5 kwa wiki, wiki 14, hiyo ni shilingi 14,000. Chumba cha shilingi 3,000 kwa mwezi karibu na lango la shule, miezi minne, ni 12,000, na binti anafika kabla ya kengele, hajaloa. Nanyi wa Ahero hamhitaji kuambiwa Mto Nyando hufanya nini mwezi wa nne na wa tano. Shule iliyo ng'ambo ya barabara inayofunikwa na maji ni karibu kwenye ramani tu. Mkaguzi wa chuo akifika asimkute, hiyo ni alama iliyopotea, na kumrudisha mkaguzi huyo ni kubembeleza.

Jambo moja ningelikataa kabisa: kumrudisha katika shule aliyosomea. Walimu waliomfundisha watamtuma chai. Wataendelea kumwita kwa jina la utotoni mbele ya wanafunzi, na nidhamu ya darasa itakwenda na maji. Shule ya jirani, sawa. Ile yake, hapana.

Anapotafuta shule aulize maswali mawili. La kwanza: kuna mikondo mingapi, yaani madarasa mangapi ya kidato kimoja, na je, vipindi vya Kiswahili na vya Historia vitamtosha? Chuo hupanga idadi ya chini ya vipindi kwa wiki, na kila somo lazima likaguliwe. Shule ndogo yenye mkondo mmoja inaweza kumpa Kiswahili tele na vipindi viwili tu vya Historia. La pili: atapewa madarasa yapi? Gredi 10 ya kwanza ya mtaala mpya, ule wa umilisi, iliingia shule za upili Januari 2026, na KCSE ya mwisho ya mtaala wa zamani, 8-4-4, ni ya mwaka 2027. Kwa hiyo kipindi hiki cha mpito shule moja ina mitaala miwili, na mwanafunzi wa mazoezi anaweza kupewa yote miwili kwa wiki moja. Kidato cha nne wakuu wengi hawampi mgeni, na wana haki.

Mitaala miwili maana yake ni maandalio ya aina mbili. Kwa 8-4-4, maazimio ya kazi, yaani mpango wa kufundisha wa muhula, yana safu zile za zamani: juma, kipindi, mada, mada ndogo, shabaha, shughuli, nyenzo, asilia (vitabu vya marejeo), maoni. Kwa mtaala wa umilisi anaandika mada kuu, mada ndogo, matokeo maalumu yanayotarajiwa, maswali dadisi, umilisi wa kimsingi, maadili, masuala mtambuko, nyenzo na tathmini, na mwishoni anatafakari jinsi somo lilivyokwenda. Historia nayo hufundishwa kwa Kiingereza, kwa hiyo maandalio yake yatakuwa ya Kiingereza. Anayenakili muundo mmoja kwa madarasa yote hugunduliwa ukurasa wa kwanza.

Faili lake liwe na vitu hivi, na liwe naye kila siku ya shule: ratiba yake, maazimio ya kazi ya muhula mzima, andalio la kila kipindi, nukuu za somo, rekodi ya kazi, orodha ya mahudhurio na orodha ya alama. Mkaguzi haji kwa miadi. Anashuka kwenye boda saa nne asubuhi, anasalimia ofisi ya mkuu, anaomba faili. Makosa ninayoyaona yakigharimu alama ni mawili. Moja ni rekodi ya kazi iliyosimama wiki tatu nyuma. La pili ni safu ya maoni iliyojazwa kabla ya kipindi kufundishwa: mtu ameandika "somo lilifaulu" kwa kipindi cha Alhamisi, na leo ni Jumanne. Maoni huandikwa baada ya kutoka darasani, na yawe ya kweli: "wanafunzi wengi hawakubadilisha vielezi vya wakati, nitarudia hatua ya pili kipindi kijacho." Mkaguzi akisoma sentensi kama hiyo anajua amekutana na mtu anayefikiri.

Tuchukue kipindi kimoja cha dakika 40, usemi halisi na usemi wa taarifa, tuone kinavyojengwa. Shabaha isiwe "mwanafunzi aelewe usemi wa taarifa", maana kuelewa hakupimiki. Iwe: "Kufikia mwisho wa kipindi, mwanafunzi aweze kugeuza sentensi tano za usemi halisi ziwe za usemi wa taarifa." Sasa kuna kitu cha kuhesabu.

Dakika 5 za kwanza, wanafunzi wawili wanasimama mbele wanabishana bei ya omena. Wa tatu anawaeleza wenzake walichosema. Darasa linacheka, na tayari limesikia aina zote mbili za usemi kabla mwalimu hajaandika neno. Dakika 10 zinazofuata, sentensi mbili zinawekwa ubaoni, moja chini ya nyingine: "Nitakuja hapa kesho," Atieno alisema. Atieno alisema kwamba angekuja pale siku iliyofuata. Wanafunzi ndio wanaotaja kilichobadilika: alama za mtajo zimeondoka, nafsi ya kwanza imekuwa ya tatu, -ta- imekuwa -nge-, hapa imekuwa pale, kesho imekuwa siku iliyofuata. Dakika 10 kwa makundi ya watano watano, kila kundi na sentensi zake. Dakika 10 za zoezi la mtu binafsi daftarini, mwalimu akipita kati ya madawati na kalamu nyekundu. Dakika 5 za mwisho ni kurejelea kosa lililojitokeza zaidi na kutoa kazi ya nyumbani.

Kosa hilo, nakuhakikishia, litakuwa "kesho". Wanafunzi hubadilisha kitenzi vizuri, kisha wanaacha kesho palepale. Mwalimu aliyetabiri hilo na kuliandika kwenye andalio lake ana sentensi ya akiba mkononi. Asiyetabiri hushangaa mbele ya darasa, na mkaguzi nyuma anaandika.

Kinachoharibu kipindi hiki kwa kawaida ni utangulizi kuwa mtamu mno. Mchezo wa omena unakula dakika 15, zoezi la binafsi linakosa muda, kengele inalia, na shabaha haikufikiwa kwa sababu hakuna daftari hata moja lililosahihishwa. Ndiyo maana zawadi bora ambayo mzazi anaweza kutoa kwa shilingi chache ni saa ya mkononi. Simu darasani haifai, na saa ya ukutani, pale ilipo, mara nyingi betri iliisha zamani.

Kusahihisha nako kunawashinda wengi. Tuseme ana mikondo mitatu ya Kiswahili yenye wanafunzi 50 kila mmoja. Akitoa insha kwa wote wiki moja, anarudi nyumbani na madaftari 150. Dakika 4 kwa kila insha ni dakika 600, saa 10 kamili, juu ya kuandaa vipindi. Wiki ya pili anaanza kuweka alama ya vema bila kusoma, na wanafunzi hujua siku hiyo hiyo. Atoe insha kwa zamu, mkondo mmoja kila wiki, na mingine apewe mazoezi ya sarufi ambayo wanafunzi wanaweza kubadilishana madaftari na kusahihishana yeye akisimamia.

Nyenzo zisikutie gharama. Karatasi za manila huchanika na vumbi la chaki huzimaliza. Gunia la nailoni lililokwisha kazi, likapasuliwa, likaoshwa na kuandikwa kwa kalamu ya wino mzito, linaning'inia ukutani hadi muhula uishe na mvua ikilipata unaanika. Kwako magunia hayakosekani. Viatu vifunike vidole na viwe na soli bapa, maana atasimama vipindi vitano au sita kwa siku. Mkoba uwe wa kubeba madaftari, usiwe wa kwendea kanisani. Tengeni pia pesa ya kuchapisha, kwa sababu shule nyingi hazitamchapishia mitihani yake ya wiki, na kwa shilingi 10 ukurasa mtihani wa kurasa 2 kwa wanafunzi 50 ni shilingi 1,000. Mwambie aandike maswali ubaoni.

Kuna mambo mawili ambayo baba anapaswa kumwambia bintiye kabla hajaondoka, wala asione haya. La kwanza ni kiboko. Atakuta walimu wenye miaka mingi kazini wanaoshika kiboko, na wanafunzi wanaomjaribu kwa sababu yeye hana. Asishike. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza adhabu ya viboko, na mwanafunzi wa mazoezi akimwumiza mtoto hana mwajiri wa kumtetea wala nambari ya usajili ya kulinda. Atakuwa ameipoteza kabla hajaipata. Darasa linalomsumbua lihamishwe viti, apunguze maneno, aongeze kazi ya kuandika, na wakorofi awapeleke kwa mwalimu wa darasa huku ameandika tarehe na kilichotokea.

La pili ni mipaka. Ana miaka ishirini na kitu; kijana wa kidato cha nne anaweza kuwa na kumi na tisa. Asitoe nambari ya simu kwa mwanafunzi, asikutane na mwanafunzi mmoja chumbani mwake hata kwa kusahihishiwa kazi, madaftari yarudishwe darasani. Na upande wa pili wa mambo hayo: mwalimu yeyote, hata awe naibu wa mkuu, akianza kumsumbua, asinyamaze kwa kuogopa alama. Alama hutolewa na wakaguzi wa chuo. Awe na nambari ya mratibu wa mazoezi wa chuo tangu siku ya kwanza, aandike ujumbe, auhifadhi. Nyumbani ajue kwamba akipiga simu hataambiwa avumilie.

Tatizo lisilo la hatari ila la kuchosha ni kugeuzwa kuwa mwalimu wa kila pengo. Mwalimu mwenyeji anamwachia vipindi vyote, mwingine anamwomba amshikie darasa. Kushikia mara moja ni utu. Ikiwa kila siku, aende kwa mkuu wa idara na ratiba yake mkononi, aseme kwa upole kwamba chuo kimempangia vipindi hivi. Mwalimu mwenyeji mzuri hukaa nyuma ya darasa wiki mbili za kwanza. Binti amwombe afanye hivyo, na amwulize baada ya kila kipindi swali moja tu: ni wapi nilipowapoteza?

Tuje kwenye makaratasi. Yaanzeni mwaka wa nne, msingoje mahafali. Wekeni mezani cheti cha KCSE, kitambulisho, na jina chuo kilivyoliandika, mlinganishe herufi kwa herufi. Akinyi yenye i mbili sehemu moja na Akiny sehemu nyingine, jina la ubatizo lililoongezwa kwenye kitambulisho tu, mpangilio uliogeuzwa: vitu hivi hukwamisha usajili kwa miezi. Kosa la chuo lirekebishwe kabla cheti cha shahada hakijachapishwa, kwa sababu baada ya hapo mnaingia mambo ya viapo na mawakili. Kama cheti cha KCSE bado kiko shuleni kwa sababu ya deni la karo, kifuateni. Shule hairuhusiwi kisheria kuzuia cheti, ingawa deni linabaki kuwa deni.

Akishapata cheti cha shahada na nakala rasmi ya alama, maombi ya TSC hufanywa mtandaoni. Atahitaji kitambulisho, cheti cha KCSE, vyeti vya chuo, nambari ya PIN ya KRA (mamlaka ya ushuru), picha ya pasipoti, cheti cha mwenendo mwema kutoka idara ya upelelezi, fomu ya afya ya GP69, na ada ya usajili ambayo imekuwa shilingi 1,055. Cheti cha mwenendo mwema huombwa kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, kisha anachapisha fomu ya C24 na kwenda kupigwa alama za vidole. Kisumu kuna Huduma Centre, kituo cha huduma za serikali. Vidole vilivyochubuka hutoa alama zisizosomeka na mtu anaitwa tena. Kwa hiyo wiki hiyo asiingie shambani kupandikiza mpunga. Fomu ya GP69 ijazwe na daktari aliyesajiliwa na ipigwe muhuri. Muhuri unaosomeka nusu ni sababu ya kurudishwa. Akaunti ya maombi ifunguliwe kwa barua pepe yake mwenyewe, na neno la siri alijue yeye, asimwachie kijana wa saiba, duka la intaneti. Wapo walimu waliokosa ujumbe wa kuitwa kwa sababu barua pepe ilikuwa ya mtu aliyehama mji.

Nambari ya TSC ikitoka, huyo ni mwalimu, na hapo ndipo ningekushauri ufanye sherehe kubwa kama una hamu nayo. Lakini nambari si ajira. TSC hutangaza nafasi hadharani, waombaji hupewa alama kwa karatasi ya vigezo, na miaka ambayo mtu amekaa tangu ahitimu imekuwa na uzito mkubwa katika alama hizo. Aliyehitimu juzi hupitwa na aliyengoja miaka mingi. Wa Kiswahili na Historia wana foleni ndefu kuliko wa Fizikia au Hisabati, nisikufiche. Kinachomsaidia ni kwamba Kiswahili kinabaki somo la lazima katika shule ya upili ya mtaala mpya, isipokuwa kwa wanaochukua Lugha ya Ishara ya Kenya badala yake. Historia na Uraia ni la kuchagua.

Kwa kungoja kuna njia tatu. Uanagenzi wa TSC katika sekondari msingi (Gredi 7 hadi 9) umekuwa ukilipa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, na unamweka ndani ya mfumo. Mwaka 2025 wanagenzi 46,000 wa sekondari msingi waliingizwa katika ajira ya kudumu. Kufundisha kwa mkataba wa bodi ya shule hulipa kidogo na wakati mwingine kwa kuchelewa, lakini humpa uzoefu na barua ya mkuu. Shule ya binafsi hutegemea shule. Katika njia zote hizo, mwaka wa kwanza nyumbani bado mtamsaidia kodi na chakula, na hii ndiyo sehemu ya tatu ya pesa niliyotaja. Posho yake ya kwanza isipigiwe hesabu ya karo ya wadogo zake. Na akipata kazi, ajue kwamba TSC inaweza kumpeleka kaunti yoyote.

Yule mtu wa ndugu yako, msimpe hata nauli. Nafasi za TSC haziuzwi na maombi yake hayalipiwi. Atakayechukua pesa leo kwa kazi ya miaka miwili ijayo hana orodha yoyote mkononi, na mnayemhonga akishikwa nanyi mnashikwa, maana sheria ya ufisadi humtazama mtoaji pia. Akibisha, mwambieni awaonyeshe tangazo la nafasi lililotolewa na tume. Kama ni la kweli, binti ataliona mwenyewe na kuomba bila yeye.

Kuhusu mdogo wake, msiamue kabla ya matokeo. C+ na C+ mbili za masomo ya kufundishia zinamfungulia shahada kama ya dadake. Wastani wa C unamfungulia stashahada ya ualimu wa shule za msingi, miaka mitatu, iliyochukua nafasi ya cheti cha P1 tangu 2021. Upande wenu kuna vyuo kama Asumbi, Eregi, Kaimosi na Kericho. Stashahada hiyo ni ya shule za msingi, si njia ya mkato ya kufundisha sekondari. Masharti ya gredi kwa somo moja moja yamekuwa yakibadilika, hivyo asome tangazo la mwaka wake. Na akipenda Hisabati, asikatazwe kwa sababu dada yake alichukua Historia.

Turudi kwa mbuzi. Msimchinje wiki ya kwanza ya mwezi wa tano. Wiki hiyo binti anaandika maazimio ya kazi ya muhula mzima na hatalala. Ngojeni likizo fupi ya katikati ya muhula, mfanye Jumamosi mchana. Wakati huo atakuwa ameshakaguliwa angalau mara moja na ana la kuwasimulia wazee. Jumapili mwacheni na madaftari yake, Jumatatu yuko darasani.